Yannick Noah: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka mwishoni mwa Mei, mashindano ya tenisi ya Roland Garros yanapoanza jijini Paris, watangazaji hurudia jambo lilelile: Mfaransa wa mwisho kuchukua ubingwa wa wanaume wa mchezaji mmoja mmoja pale ni Yannick Noah, mwaka 1983. Kisha maswali huanza. Ni nani huyo? Si yule mwimbaji? Si baba wa yule mchezaji wa kikapu? Mbona jina ni la Kameruni? Nimeyakusanya hapa maswali ninayokutana nayo zaidi. Penye mengi nimekaa, pasipo na mengi nimepita. Nampenda sana mchezaji huyu, na utaliona hilo bila mimi kukuambia.

Yannick Noah ni nani, kwa kifupi?

Ni mchezaji tenisi wa Ufaransa aliyezaliwa tarehe 18 Mei 1960 mjini Sedan, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, karibu na mpaka wa Ubelgiji. Alishinda mataji 23 ya mchezaji mmoja mmoja na 16 ya wawili wawili. Julai 1986 alifika nafasi ya 3 duniani kwa mchezaji mmoja mmoja, na Agosti mwaka huohuo akawa namba 1 kwa wawili wawili. Taji lake kubwa kuliko yote ni Roland Garros ya 1983. Baada ya kuweka raketi chini aliiongoza Ufaransa kushinda Kombe la Davis, shindano la timu za mataifa, mara tatu akiwa nahodha, na katikati ya hayo yote akawa mwanamuziki anayejaza viwanja.

Ni Mfaransa au Mkameruni?

Yote mawili, na hakuna sababu ya kumkata vipande.

Baba yake, Zacharie Noah, alikuwa Mkameruni aliyekwenda Ufaransa kucheza soka. Alikuwa beki wa klabu ya Sedan, na mwaka 1961 alitwaa nayo Kombe la Ufaransa. Mama yake, Marie-Claire, alikuwa Mfaransa na mwalimu. Yannick alizaliwa wakati baba yake yuko kwenye kilele cha soka yake. Kisha baba akaumia, mpira ukamwisha, na mwaka 1963 familia ikafunga mizigo kwenda Yaoundé. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Kwa hiyo utoto anaoukumbuka, shule ya kwanza, marafiki wa kwanza, udongo wa kwanza aliouchezea, vyote ni vya Kameruni.

Bendera aliyoichezea maisha yake yote ni ya Ufaransa. Lakini kuna msemo unaohusishwa naye ambao Waafrika wengi waishio Ulaya wanaujua hata kama hawajawahi kushika raketi: akishinda, magazeti huandika Mfaransa; akishindwa, huandika Mkameruni. Ukiwa mtoto wa nyumba mbili, kila nyumba hukudai siku ya sherehe. Siku ya msiba wa kushindwa, kila moja hukuelekeza kwa mwenzake.

Ilikuwaje Arthur Ashe akamgundua?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Mwaka 1971 Mmarekani mweusi Arthur Ashe alikuwa ameshakuwa jina kubwa. Alikuwa bingwa wa US Open wa 1968 na bingwa wa Australia wa 1970. Mwaka huo alikuwa kwenye ziara ya Afrika pamoja na wachezaji wenzake, wakicheza mechi za maonyesho na kuonana na vijana. Ziara ikafika Yaoundé.

Klabuni wakapangwa watoto wachache wapate bahati ya kurushiana mipira na mgeni. Mmoja alikuwa Yannick, mwenye miaka 11. Jaribu kuuona uwanja ule. Mtu mzima mwembamba, mtulivu, ambaye ameshacheza mbele ya maelfu ya watazamaji, upande mmoja wa wavu. Upande wa pili, mtoto mrefu kuliko umri wake ambaye hataki kurudisha mpira tu, anataka kumpita mgeni. Mtoto akaanzisha kwa nguvu, akapiga mipira ya kushangaza, na Ashe akatambua kwamba huyu hakufundishwa kuthubutu. Kazaliwa nako.

Wageni wengi wangeishia kupiga makofi. Wangempapasa kichwa, wangempa saini, kisha wangepanda ndege. Ashe alimwachia mtoto raketi yake, kisha akawasiliana na Philippe Chatrier, mmoja wa viongozi wa tenisi ya Ufaransa, akamwambia kuna mtoto Yaoundé ambaye lazima wamtazame. Wakamtazama. Bila mawasiliano hayo, huenda leo Yannick Noah angekuwa mzee mmoja wa Yaoundé anayesimulia siku aliyocheza na Arthur Ashe.

Na Ashe hakumtupa mkono. Mwaka 1978, Noah akiwa na miaka 18, wawili hao walicheza pamoja Wimbledon kama jozi. Aliyempa raketi akasimama naye upande mmoja wa wavu.

Baada ya hapo alikwenda kuishi wapi?

Nice, kusini mwa Ufaransa, kwenye mpango wa Shirikisho la Tenisi la Ufaransa ambao vijana husoma na kufanya mazoezi kwa pamoja. Watu husimulia safari hii kama bahati, na kweli ilikuwa bahati. Lakini kumbuka ilivyokuwa: mtoto ambaye hajabalehe anatolewa kwa mama yake, kwa baba yake, kwa dada zake, anapelekwa bara jingine kulala bwenini. Mwenyewe amesimulia upweke wa miaka ile, na machozi ya usiku. Mzazi yeyote aliyewahi kumpeleka mtoto shule ya bweni mkoa wa mbali anajua ukimya unaobaki nyumbani basi likishaondoka. Hapa palikuwa na bahari na jangwa katikati.

Nadhani ndiyo maana alipokuwa mkubwa aliwajali sana wachezaji waliokuwa chini yake. Tutafika huko.

Alianza lini kushinda mashindano ya kulipwa?

Mwaka 1978, Manila na Calcutta. Alikuwa bado ana miaka 18. Ushindi uliowashtua wakubwa ulikuja mapema 1982 huko La Quinta, California, alipomfunga Ivan Lendl kwenye fainali. Lendl alikuwa ameshinda mechi 44 mfululizo.

Mbona Wafaransa huitaja sana fainali ya Grenoble ya 1982 wakati walishindwa?

Kwa sababu siku ile nchi ilimjua mtu wake. Ilikuwa fainali ya Kombe la Davis dhidi ya Marekani, kwenye udongo uliowekwa ndani ya ukumbi, na mechi ya kwanza ilimkutanisha Noah na John McEnroe. McEnroe alichukua seti ya kwanza 12-10. Noah akajibu 6-1, 6-3. Watu wakaanza kuamini. Kisha McEnroe akamalizia 6-2, 6-3, na Marekani wakaondoka na kombe kwa 4-1.

Kuna kushindwa kunakokuvunja na kuna kushindwa kunakokuonyesha pengo limebaki kiasi gani. Noah alitoka Grenoble akijua pengo ni dogo. Miezi sita baadaye alikuwa bingwa.

Roland Garros ya 1983 ilikwendaje?

Alikuja Paris akiwa na moto. Kabla ya hapo, majira yaleyale, alikuwa ameshinda Madrid na Hamburg, zote kwenye udongo. Kwenye mashindano alipangwa wa 6 kwa ubora. Katika majuma mawili alipoteza seti moja tu, kwa Lendl kwenye robo fainali, na angalia alivyomjibu: 7-6, 6-2, 5-7, 6-0. Ukiwa umepoteza seti ambayo ulitaka kumalizia mechi, ukaenda kumpa Lendl sifuri kwenye seti inayofuata, ujue kichwa chako kiko mahali pake.

Nusu fainali alikutana na Mfaransa mwenzake Christophe Roger-Vasselin, ambaye hakuna aliyemtarajia pale. Alikuwa amemtoa Jimmy Connors. Lakini siku hiyo mafuta yalimwishia, Noah akapita 6-3, 6-0, 6-0.

Fainali ilikuwa Jumapili, tarehe 5 Juni. Ng'ambo ya wavu alikuwa Mats Wilander wa Uswidi, bingwa mtetezi, kijana wa miaka 18 ambaye mwaka uliotangulia alishinda taji hilo akiwa na miaka 17. Wilander alikuwa ukuta. Ukimpa mpira, anarudisha. Ukimpa tena, anarudisha tena, mpaka wewe mwenyewe uchoke na kukosea. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kushinda kwenye udongo miaka ile: subira, subira, subira.

Noah akaamua hatasubiri. Alianzisha mpira wenye mdunduko mkubwa, akaufuata mbio mpaka wavuni, akaupokea hewani kabla haujagusa chini. Hata mpira wa Wilander ulipokuwa mfupi kidogo tu, aliukata chini kisha akapanda mbele. Kwenye udongo, ambako miguu huteleza na mpira hupungua kasi, kwenda wavuni kila mara ni kujitoa mhanga. Alimnyima yule kijana muda wa kujenga ukuta wake. Seti ya kwanza 6-2. Ya pili 7-5. Ya tatu ikafika taibreki, ule mchezo mfupi wa kuamua seti iliyofungana 6-6.

Taibreki ikawa 6-3. Noah akaanzisha, akakimbilia wavuni kama alivyofanya mchana kutwa. Wilander akarudisha, mpira ukatoka nje nyuma. Noah akaanguka magotini.

Hapo ndipo picha ambayo kila Mfaransa anaijua inapoanza. Kutoka jukwaani mtu mzima anaruka kuingia uwanjani, anakimbia juu ya udongo mwekundu. Ni Zacharie. Ni yule beki wa Sedan, aliyemkabidhi mwanawe kwa watu wa mbali zaidi ya miaka kumi iliyopita. Wanakumbatiana, mtoto analia kama mtoto. Nimeitazama mara nyingi, na bado nikifika hapo huwa nasimamisha nilichokuwa nafanya.

Tangu Marcel Bernard mwaka 1946, hakuna Mfaransa aliyekuwa ameshinda pale. Miaka 37.

Ni kweli alitumia raketi ya mbao?

Ndiyo, raketi yake ya Le Coq Sportif ilikuwa ya mbao iliyoimarishwa, na ndiyo maana hutajwa kuwa mtu wa mwisho kushinda Roland Garros na raketi ya namna hiyo. Wakati ule raketi za grafaiti zilikuwa zimeshaanza kuenea, na muda si mrefu mbao zikabaki za kutundikwa ukutani.

Mchezo wake ulikuwa wa namna gani?

Mwili wa mwanariadha kwanza. Alikuwa na urefu wa karibu mita 1.93, alikimbia kama winga wa soka, na aliruka kuuchukua mpira wa juu hata ungedhani hautafikika. Uwezo wake wa kuanzisha na kucheza wavuni ndio ulimlisha. Mpira wa kutoka nyuma ya uwanja haukuwa bora kama wa Lendl au Wilander, na upande wake wa kushoto wapinzani waliulenga kwa makusudi.

Kisha kuna ule mpira wa katikati ya miguu, mchezaji akiwa amegeuzia wavu mgongo, anakimbia nyuma kuufuata mpira uliomvuka. Guillermo Vilas wa Argentina aliupiga kabla yake, lakini Noah ndiye aliyewafanya watazamaji wausubiri. Leo kila mtoto wa uwanjani anaujaribu, na makocha wanapiga kelele.

Kwa nini hakushinda Grand Slam nyingine?

Grand Slam ni yale mashindano manne makubwa ya tenisi: Australia, Roland Garros, Wimbledon na US Open. Sababu ya kutoshinda jingine si moja. Magoti yalimsumbua. Enzi yenyewe ilikuwa ngumu: McEnroe, Connors, Lendl, Wilander, kisha Becker na Edberg, wote ndani ya miaka michache.

Lakini sababu kubwa, kwa maneno yake mwenyewe ya baadaye, ilikuwa umaarufu. Aliamka siku moja akakuta hawezi kununua mkate bila kuzungukwa. Mara tu baada ya ushindi alikuwa anatumikia adhabu ya kufungiwa wiki kadhaa kwa kutokucheza mechi ya timu huko Düsseldorf, hivyo Wimbledon ya mwaka huo hakucheza. Mtu aliyefika kilele alichokiota tangu utotoni akakuta hana mechi, hana pa kwenda, na kila mtu anamtaka. Alizama kwenye huzuni nzito, akazunguka Paris usiku akiwa na mawazo mabaya, na amelieleza hilo hadharani bila kuficha, miaka mingi kabla wanamichezo hawajazoea kuzungumza mambo ya afya ya akili. Akahamia New York, ambako angeweza kutembea barabarani kama mtu yeyote.

Hata hivyo hakupotea. Alishinda Roma mwaka 1985. Alifika robo fainali ya US Open mara tatu, 1983, 1985 na 1989, na nusu fainali ya Australia mwaka 1990 akiwa na karibu miaka 30. Kwenye nyasi za Wimbledon hakuwahi kupita raundi ya tatu, jambo la ajabu kwa mtu aliyependa wavu kiasi kile.

Na kwenye wawili wawili?

Alishinda Roland Garros ya 1984 na Henri Leconte, na mwaka uliofuata wakafika fainali ya US Open. Mwaka 1987 alifika tena fainali ya Paris, safari hii na Guy Forget. Majina hayo mawili yashike, yanarudi hapo chini. Ilipita miaka 30 kabla jozi ya Wafaransa watupu haijashinda tena Roland Garros: Julien Benneteau na Édouard Roger-Vasselin, mwaka 2014. Ndiyo, huyo Édouard ni mtoto wa yule Christophe wa nusu fainali ya 1983.

Aliwahi kuwa kocha?

Kwenye Kombe la Davis cheo ni nahodha: mtu anayechagua wachezaji, kisha anakaa kwenye kiti kando ya uwanja na kuzungumza nao kila wanapobadilisha upande. Kwa maoni yangu, hapa ndipo Noah alipokuwa mkubwa kuliko hata siku ya 1983.

Alianza 1991. Ufaransa haikuwa imeshinda kombe hilo tangu 1932, na fainali ilikuwa Lyon dhidi ya Marekani ya Andre Agassi na kijana mpya aitwaye Pete Sampras. Noah akafanya jambo lililoonekana la wazimu: akamwita Leconte, ambaye mwaka huohuo alikuwa amepasuliwa mgongo na alikuwa ameporomoka vibaya kwenye orodha ya ubora. Alikuwa anamjua. Alikuwa amesimama naye upande mmoja wa wavu. Leconte akamfunga Sampras seti tatu kwa bila. Siku ya pili Leconte na Forget wakashinda wawili wawili. Siku ya tatu Forget akammaliza Sampras, na Lyon ikapasuka. Wachezaji wakajipanga nyuma ya nahodha wao, wakazunguka uwanja wakicheza na kuimba "Saga Africa", wimbo wake mwenyewe wa mwaka ule. Mtoto wa Yaoundé akawachezesha Wafaransa ngoma ya kwao mbele ya nchi nzima.

Ya 1996 ilikuwa Malmö, nyumbani kwa Waswidi, kwenye fainali iliyokuwa pia ya kumuaga Stefan Edberg. Edberg akaumia kifundo cha mguu mechi ya kwanza. Mambo yakafika 2-2, na mechi ya mwisho ikawa Arnaud Boetsch dhidi ya Nicklas Kulti, aliyeingia badala ya Edberg. Seti ya tano Kulti alipata pointi tatu za ushindi. Tatu! Boetsch akazifuta zote, akashinda 10-8. Mwaka uliofuata Noah aliongoza timu ya wanawake, yenye Mary Pierce na Sandrine Testud, wakaifunga Uholanzi na kuchukua Kombe la Fed kwa mara ya kwanza katika historia ya Ufaransa.

Kisha akaondoka, akaimba. Karibu miaka 20 baadaye wakamwita tena. Mwaka 2017, huko Lille, Ufaransa na Ubelgiji wakafika 2-2, na Lucas Pouille akampiga Steve Darcis 6-3, 6-1, 6-0. Kombe la 10 la Ufaransa, la tatu kwa Noah. Mwaka 2018 walishindwa na Kroatia kwenye fainali, naye akakabidhi kiti.

Siri yake wachezaji wameieleza kwa namna nyingi, lakini ukiwasikiliza inarudi palepale: aliwatoa hofu. Hakuwajaza mbinu. Aliishi nao, akala nao, akawaambia wanaweza, na wao wakaamini kwa sababu aliyekuwa akisema alikuwa ameshafika.

Muziki wake ni wa kweli au ni mchezo wa mtu maarufu?

Ni wa kweli. Alianza 1991, akakaa miaka kadhaa bila kupata soko kubwa, kisha kuanzia mwaka 2000 albamu zake zikauzwa kwa wingi Ufaransa. Ni rege, ni pop, kuna harufu ya Afrika ya Kati humo. Septemba 2010 aliujaza uwanja wa Stade de France. Kuna kizazi kizima cha Wafaransa kinachomjua kama mwimbaji asiyevaa viatu jukwaani, na kinashangaa kuambiwa aliwahi kushika raketi. Kwa miaka kadhaa aliongoza orodha ya watu wanaopendwa zaidi na Wafaransa, mbele ya wanasoka na waigizaji.

Joakim Noah wa NBA ni mwanawe?

Ndiyo. Alizaliwa New York mwaka 1985, na mama yake ni Cécilia Rodhe, aliyekuwa Miss Uswidi 1978. Joakim alishinda ubingwa wa vyuo vya Marekani mara mbili mfululizo na Florida, 2006 na 2007, akachezea Chicago Bulls, na mwaka 2014 akatajwa mlinzi bora wa NBA. Kwetu Afrika Mashariki jina hili lina sababu nyingine ya kusikika: Joakim ni mmoja wa wawekezaji wa NBA Africa na balozi wa BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, ambayo fainali zake za kwanza zilichezwa Kigali.

Angalia ukoo: babu soka, baba tenisi, mjukuu kikapu, na kila mmoja akabeba taji kubwa.

Amefanya nini kwa ajili ya watoto?

Mwaka 1988 alianzisha na mama yake shirika la Les Enfants de la Terre, linalosaidia watoto walio katika shida. Mwaka 1996 akaanzisha Fête le Mur, linalopeleka tenisi kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini nchini Ufaransa, mitaa ambayo klabu za tenisi hazijawahi kuwa na sababu ya kuitembelea. Tenisi ni mchezo ghali: raketi, mipira, uwanja, kocha. Njia rahisi ya kumfungia mtoto nje ni kumpangia ada. Noah alijua hilo kuliko mtu yeyote, maana mlango wake ulifunguliwa na mpita njia.

Hajawahi kulaumiwa?

Amelaumiwa, na mara nyingine kwa haki. Novemba 2011 aliandika kwenye gazeti la Le Monde akidokeza kwamba mafanikio ya wanamichezo wa Uhispania yanatokana na dawa. Hakutoa ushahidi. Wahispania walikasirika, na sina la kumtetea hapo. Mdomo wake ni mwepesi kama mguu wake.

Kuna Mfaransa aliyeshinda Grand Slam tangu wakati huo?

Wanawake, ndiyo: Mary Pierce, Amélie Mauresmo, Marion Bartoli. Wanaume kwa mchezaji mmoja mmoja, hakuna. Leconte alifika fainali ya Paris 1988, Cédric Pioline ya US Open 1993 na Wimbledon 1997, Arnaud Clément ya Australia 2001, Jo-Wilfried Tsonga ya Australia 2008. Wote walirudi na sahani ya mshindi wa pili. Tsonga naye, kwa taarifa yako, baba yake anatoka Kongo-Brazzaville.

Ni wanaume weusi wangapi wameshinda Grand Slam kwa mchezaji mmoja mmoja?

Wawili. Arthur Ashe, na mtoto aliyempa raketi Yaoundé.

Siku hizi yuko wapi?

Baba yake alifariki Januari 2017, na baada ya hapo Yannick alirudi Yaoundé, kwenye ardhi ya familia mtaa wa Etoudi, akapaendeleza mahali panapoitwa Village Noah pawe pa michezo na utamaduni. Mwaka 2023, ushindi wake ulipotimiza miaka 40, aliimba ndani ya uwanja uleule wa kati wa Roland Garros, ambao sasa unaitwa Philippe-Chatrier, jina la yule mtu aliyepelekewa habari za mtoto wa Kameruni. Mwaka 2025 alikuwa nahodha wa Timu ya Ulaya kwenye Kombe la Laver huko San Francisco, ambako walifungwa na Timu ya Dunia iliyoongozwa na Agassi.

Nikitaka kumtazama, nianze na mechi gani?

Wengi hukimbilia pointi ya mwisho ya 1983. Wewe anza mapema, seti ya tatu ya fainali, na usitazame mpira. Tazama miguu yake anapoanzisha. Kabla Wilander hajagusa mpira, Noah ameshapiga hatua mbili ndani ya uwanja, udongo unaruka nyuma ya viatu. Kuna wakati anapitwa kabisa, mpira unamwacha amesimama mikono wazi. Anarudi kwenye mstari, anaudundisha mpira, anaanzisha, anakimbia tena mbele.